Spika za kale kwenye amplifaya za gitaa na besi: kuzitambua, kuzipima na kuzibadilisha

Amplifaya ya zamani ikianza kukoroma, spika ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hung'olewa siku hiyohiyo. Hapo ndipo vitu vya thamani vinapopotea. Spika ya Jensen ya miaka ya 1950 au Celestion ya miaka ya 1960 imebeba sehemu kubwa ya sauti ya amplifaya yake. Ukiitoa na kuweka yoyote yenye inchi zilezile, utabaki na chombo kingine, hata kama nembo ya mbele ni ileile. Na pengine kilichohitajika kilikuwa tone la gundi, au nati mbili kukazwa.

Ninazungumzia amplifaya za gitaa na besi za Marekani na Uingereza, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970 hivi: Fender, Ampeg, Vox, Marshall na jamaa zao. Utaratibu ninaousimamia ni huu: soma spika, ipime, tengeneza kinachotengenezeka, na kubadilisha kuje mwisho. Ukifika kwenye kubadilisha, tafuta omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) kwanza, ladha ya sauti baadaye.

Kabla ya kugusa chochote

Amplifaya nyingi za enzi hizo ni za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Ndani yake mna kapasita zinazoshika volti 400 na zaidi, na zinaweza kuendelea kuushika umeme huo hata plagi ikiwa imeshatolewa ukutani. Uzuri ni kwamba kazi ya spika haihitaji kufungua chasisi, lile kasha la chuma lenye sakiti za umeme. Chomoa plagi, acha chombo kipoe, fungua mbao za nyuma, na mikono isiingie kwenye chasisi. Kwenye Fender zenye spika ndani, valvu huning'inia kichwa chini, jirani kabisa na sumaku. Zikikuzuia, andika kila moja ilikaa wapi, kisha zichomoe na kuziweka mbali.

Amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila spika kuunganishwa. Nguvu inayotoka ikikosa pa kwenda, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na inaweza kuiunguza. Transfoma ya asili ni ngumu kuipata kuliko hata spika.

Na kama chombo kimetoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla ya kukichomeka. Umeme wa kule ni volti 120 hivi. Wa kwetu ni 230 hadi 240. Bila transfoma ya kushusha umeme, hutakuwa na amplifaya ya kutafutia spika.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la spika

Chukua boksi jingine la spika ambalo una hakika ni zima na lenye omu zilezile, uliunganishe na amplifaya yako. Sauti mbovu ikiendelea, acha spika, kamwone fundi wa amplifaya. Sauti ikitulia, fanya na kinyume chake: spika unayoishuku iunganishwe na amplifaya nyingine isiyo na nguvu nyingi, na uipige taratibu. Majaribio hayo mawili yakikubaliana, umepata jibu.

Kuna kelele nyingine hazitoki kwenye spika kabisa. Piga noti moja baada ya nyingine, polepole, kutoka chini kwenda juu. Mkoromo unaotokea kwenye noti moja tu na kupotea kwenye nyingine mara nyingi ni wa kitu kilicholegea: ubao wa nyuma, skrubu ya mpini, kitambaa cha mbele kilichoachia, nembo, hata valvu. Bonyeza vitu hivyo kimoja kimoja kwa kiganja huku mwenzako akishikilia noti ileile. Kelele ikikatika chini ya kiganja chako, umeshaokoa spika.

Hatua ya 2: Soma namba zilizopigwa kwenye fremu

Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu spika ya zamani ina cheti chake cha kuzaliwa mgongoni. Viwanda vya Marekani vilitumia mfumo wa namba unaoitwa EIA. Tarakimu za mwanzo ni kiwanda, inayofuata moja au mbili ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Namba hupigwa mhuri wa wino au kugongwa kwenye ukingo wa fremu, nyakati nyingine kwenye kengele, yaani kifuniko cha sumaku. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usitumie petroli wala spiriti, wino wa mhuri utaondoka nao.

Kiwanda utakijua hivi: 220 ni Jensen wa Chicago, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 328 ni Utah, 285 ni Rola, 67 ni Eminence, 391 ni Altec Lansing, na 1098 ni Pyle. Fender peke yake ilinunua kutoka kwa wengi wa hawa kwa nyakati tofauti, kwa hiyo usishangae amplifaya mbili za aina moja zikiwa na spika za viwanda viwili.

Tuseme umekuta 220632. Hiyo ni Jensen, mwaka unaoishia na 6, wiki ya 32. Ni 1956 au 1966? Namba haisemi, amplifaya ndiyo itakayosema. Boksi la Fender lililovikwa kitambaa cha rangi ya kahawia ya manjano ni la miaka ya 1950. Lenye ngozi nyeusi ya plastiki na uso mweusi wa vitufe ni la katikati ya miaka ya 1960. Baadaye mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili, kwa hiyo 137-7012 ni CTS ya wiki ya 12, mwaka 1970, bila utata.

Vitufe vya sauti navyo vina namba za mfumo huohuo migongoni: 137 kwa CTS, 304 kwa Stackpole. Siku fundi akiwa amefungua chasisi kwa kazi nyingine, mwombe akusomee. Spika iliyotengenezwa miezi michache kabla ya vitufe ina kila dalili ya kuzaliwa na chombo hicho. Iliyotengenezwa miaka mitano baada ya vitufe iliingizwa baadaye, hata muuzaji aape vipi.

Jina la Jensen lenyewe ni maelezo. Kwenye P10R, herufi P ni sumaku ya kudumu ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), 10 ni inchi, na R ni ukubwa wa mota yake, yaani sumaku pamoja na koili (waya uliozungushwa) inayosukuma koni (karatasi ya spika). C12N ni sumaku ya kauri, inchi 12, mota kubwa zaidi. Ukikuta jina linaloanza na F, kaa chonjo: sumaku yake si ya kudumu, inahitaji umeme wake yenyewe ili ifanye kazi, na haifai kuingizwa kwenye amplifaya ya gitaa ya kawaida.

Waingereza wa Celestion walikwenda kwa herufi. Pamoja na namba ya siku utakuta herufi mbili, ya kwanza mwezi, ya pili mwaka. Miezi inaanzia A hadi M, herufi I ikirukwa: H ni Agosti, J ni Septemba. Miaka: H ni 1963, J ni 1964, K ni 1965, L ni 1966, M ni 1967, kisha wakaanza upya na A mwaka 1968, B mwaka 1969, na kuendelea. Kwa hiyo HL ni Agosti 1966, na AB ni Januari 1969. Lebo yenye jina la Thames Ditton ni ya mapema kuliko yenye jina la Ipswich. Tafuta pia namba inayoanza na T: T530 ni ile ya buluu ya alniko iliyokaa kwenye Vox AC30, na T1221 ni G12M yenye kifuniko cha kijani iliyojaza maboksi ya Marshall. Lebo ikiandika omu 15, ihesabu kama 16 ya leo.

Jambo moja la kuzingatia ukiwa unanunua: namba iko kwenye fremu, si kwenye koni. Spika iliyosukwa upya, yaani iliyowekewa koni na koili mpya, bado itasoma 1959. Tazama karatasi ya koni. Ya miaka sitini imegeuka rangi na kuwa ya kahawia, gundi yake imekuwa kama asali kavu, na mara nyingi ina namba yake yenyewe iliyopigwa mhuri kwa nyuma. Koni nyeusi inayong'aa, yenye gundi mpya nyeupe iliyochuruzika kwenye ukingo, ni ya juzi. Si vibaya kununua iliyosukwa vizuri, ila bei yake iwe ya iliyosukwa.

Hatua ya 3: Pima

Unahitaji malitimita (kifaa cha kupimia umeme), betri ndogo ya volti 1.5, na vidole vyako.

Tenganisha waya mmoja wa spika, weka malitimita kwenye omu, gusa ncha zote mbili. Usitegemee kusoma namba iliyoandikwa. Malitimita inapima ukinzani wa waya tu, nao huwa chini kidogo: spika ya omu 8 itasoma kati ya 6 na 7, ya 16 itasoma 11 hadi 13, ya 4 itasoma 3 na kitu. Isiposoma kabisa, mahali fulani pamekatika. Usikate tamaa hapo. Chunguza nyuzi mbili laini zinazotoka kwenye ncha za waya hadi kwenye koni. Nyuzi hizo hucheza kila mara spika inapopiga, na baada ya miongo hukatika karibu kabisa na sehemu zilipolehemewa. Uzi uliokatika hapo unalehemeka kwa dakika chache na spika inafufuka. Ukikatika ndani kwenye koili, hilo ni jambo jingine.

Sasa betri. Gusisha chanya ya betri kwenye ncha ya chanya ya spika kwa kitambo kifupi sana. Koni inapaswa kuruka kwenda mbele na kutoa mlio mdogo. Ikirudi nyuma, weka alama: nyaya zako zimegeuzwa, au una JBL ya zamani. JBL za enzi zile, mfano D120F na D140F, zilikwenda kinyume na wengine wote: chanya kwenye ncha nyekundu huvuta koni ndani. Ukiichanganya JBL na spika nyingine bila kulijua hilo, moja itasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na besi itapotea.

Kisha vidole. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili zinazotazamana za koni, karibu na katikati, usukume polepole na sawasawa, milimita mbili tatu tu, huku sikio likiwa karibu. Koni nzima hurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa msasa, koili inagusa kuta za sumaku: imeungua na kuvimba, au imehama, au kuna uchafu kwenye pengo kati yake na sumaku. Ukisukuma ikagoma kabisa, huenda spika iliangushwa na sumaku ikahama. Hutokea zaidi kwa zile za sumaku ya kauri. Kwa vyombo vilivyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, kutu ndani ya pengo ni ya kutarajiwa kutokana na unyevu na chumvi ya bahari.

Mwisho tumia macho. Weka taa nyuma ya koni na utazame mbele, mipasuko yote itajionyesha kwa mwanga. Angalia kitambaa chenye mikunjo kinachoshikilia koili kama kimebanduka kwenye fremu, na kifuniko cha katikati kama kimeachia upande. Kifuniko kilichoachia upande mmoja hutoa mkoromo unaofanana kabisa na wa koili iliyoungua.

Hatua ya 4: Tengeneza kabla ya kubadilisha

Mpasuko mdogo wa koni unazibwa kwa karatasi laini sana, ile nyembamba ya kufungia zawadi au ya chujio la kahawa, na gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Chana karatasi kwa mkono ili kingo zake ziwe na nyuzinyuzi, paka gundi nyembamba, bandika nyuma ya koni, na ikiwezekana mbele pia. Iache usiku kucha. Usitumie gundi ya haraka inayokauka kama kioo: karatasi itapasuka tena pembeni ya kiraka. Usipake mafuta wala rangi ya kucha kwenye koni nzima kwa nia ya kuilainisha. Uzito unaoongezwa hubadilisha sauti na hauondoki tena.

Kitambaa kilichobanduka na kifuniko kilichoachia vinagundishwa vivyo hivyo, mradi koili ibaki katikati yake.

Koili ikiwa imeungua kweli, kuna njia mbili: kusuka upya au kubadilisha. Mafundi wa kusuka spika tunao, na wengi wana mikono mizuri. Tatizo ni vifaa. Koni na koili zinazopatikana mitaani ni za spika za matangazo na muziki wa ukumbini: karatasi nzito, ukingo laini, koili pana. Ukiweka hizo kwenye fremu ya Jensen P12R, itapiga, lakini haitaimba kama P12R. Koni ya gitaa ya enzi hizo ni nyembamba na nyepesi, na ukingo wake ni karatasi ileile iliyokunjwa. Kwa spika yenye thamani, agiza seti ya koni iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyohiyo, yenye omu zilezile, umpe fundi afanyie kazi. Kama seti haipatikani, funga spika yako vizuri, iweke, utumie mpya kwa sasa. Sumaku ya alniko na fremu vinaweza kusubiri. Koni yake ya asili ikishang'olewa na kutupwa, hakuna wa kuirudisha.

Hatua ya 5: Jua chombo chako kinataka omu ngapi

Hapa ndipo watu wanapounguza transfoma, kwa hiyo tusiende mbio.

Spika zikiungwa kwa mfululizo, umeme ukipita moja baada ya nyingine, omu zinajumlishwa: 8 na 8 ni 16. Zikiungwa sambamba, kila moja ikiwa na njia yake, za aina moja zinagawanywa kwa idadi: mbili za 8 ni 4, nne za 8 ni 2. Kwenye boksi la spika nne zinaweza kuungwa mbilimbili kwa mfululizo kisha jozi hizo sambamba, na jumla inarudi ileile ya spika moja. Ndivyo Marshall alivyofanya na spika nne za omu 16.

Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 1950, ile ya spika nne za inchi 10, ina Jensen za omu 8 zote zikiwa sambamba, na transfoma yake imetengenezwa kwa omu 2. Super Reverb ni vivyo hivyo. Twin Reverb ina mbili za 8 sambamba, inataka 4. Deluxe Reverb ina moja, inataka 8. Vox AC30 ina mbili za omu 8 kwa mfululizo, jumla 16. Mtu akikuuzia spika nne za omu 16 kwa ajili ya Bassman "kwa sababu ni nzuri zaidi", jumla itakuwa 4, na chombo chako hakikujengwa kwa hiyo.

Ampeg SVT ya mwaka 1969, dude la wati 300, inahitaji maelezo ya ziada. Boksi lake lina spika nane za inchi 10, kila moja ya omu 32, zote sambamba, jumla omu 4. Spika za omu 32 huzikuti kwenye duka la kawaida. Ukilazimika kubadilisha zote nane, unaweza kutumia za omu 8: unganisha mbilimbili kwa mfululizo upate jozi nne za 16, kisha jozi hizo nne sambamba, unarudi kwenye 4. Tofauti utakayoiona ni kwamba spika moja ikikatika, mwenzake wa jozi ananyamaza pia. Lakini usichanganye za 8 na za 32 kwenye boksi moja. Zikiwa sambamba, yenye omu chache hubeba mzigo mkubwa zaidi, na ndiyo itakayoungua.

Hatua ya 6: Chagua mbadala

Baada ya omu, angalia wati. Jumla ya wati za spika izidi ile ya amplifaya, na kwa valvu uache nafasi, maana zikipasua sauti hutoa zaidi ya kilichoandikwa. Spika mbili za buluu za Celestion, kila moja wati 15, ziliwekwa kwenye AC30 ya wati 30 bila ziada yoyote, na nyingi ziliungua kwa sababu hiyo. Anayeipiga AC30 kwa nguvu kila wiki namshauri aweke G12M za wati 25, azihifadhi za buluu.

Usipuuze desibeli, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati fulani. Spika ya desibeli 100 na ya 97 zikipewa wati zilezile, ile ya kwanza inasikika kana kwamba amplifaya imeongezewa nguvu mara mbili. Ukibadilisha moja tu kati ya nne, tafuta yenye desibeli zinazokaribiana na wenzake, la sivyo utaisikia hiyo moja tu.

Kwa gitaa, majina yanayofahamika bado yapo. Jensen za sasa hutengenezwa Italia na kampuni ya SICA kwa majina yaleyale, P10R, P12R, C12N na mengine. Celestion bado wanatoa ya buluu na za kijani, pamoja na G12H ya hezi 55 kwenye safu yao ya Heritage. Eminence wa Kentucky wana orodha ndefu yenye bei ya wastani. Sauti ya alniko hulainika unapozidisha nguvu; ya kauri hubaki imara na kali zaidi. Hilo si suala la ubora. Chombo kilichozaliwa na kauri, kama Fender nyingi za katikati ya miaka ya 1960, kirudishie kauri.

Gitaa la besi lina madai mengine. Noti yake ya chini kabisa ni hezi 41, nusu ya ile ya gitaa la kawaida ambayo ni 82. Spika ya gitaa ikilazimishwa kupiga hezi 41 kwa nguvu, koni inatupwa mbali kuliko ilivyojengewa, na karatasi inachanika. Ndiyo maana nasema wazi: Bassman ya inchi 10 nne, licha ya jina lake, usiipigie besi ikiwa bado ina Jensen zake. Wapiga gitaa waliichukua zamani na inawafaa wao. Fender wenyewe miaka ya 1960 walihamishia besi kwenye kichwa (amplifaya isiyo na spika ndani) cha peke yake na boksi lililofungwa nyuma. Kwa Ampeg B-15, ile ya mwaka 1960 na kuendelea ambayo kichwa chake hupinduliwa na kuingia ndani ya boksi, tafuta spika ya inchi 15 iliyotengenezwa kwa besi, na upime kwanza urefu wa sumaku yake: kichwa kikipinduliwa, valvu zinashuka hadi karibu nayo.

Kipimo hicho cha sumaku kifanye kwa chombo chochote. Wengi hununua spika nzuri ya sumaku kubwa, wakaikuta inagonga transfoma.

Za kale zinatafutwa wapi? Kwenye masoko ya mtandaoni kama Reverb na eBay, bila shaka, ila omba picha ya namba ya fremu, ya nyuma ya koni na ya malitimita ikiwa imegusishwa. Karibu nasi, ulizia stoo za makanisa, shule na hoteli zilizokuwa na bendi. Jensen nyingi ziliingia pia kwenye kinanda cha Hammond, kwenye mashine za kupigia sahani (jukebox), na kwenye maboksi ya projekta za filamu za milimita 16. Spika ikisafirishwa, iwe imefungiwa ubao uso wake kwa bolti, isije ikatobolewa njiani.

Hatua ya 7: Kutoa na kuweka

Piga picha nyaya zilivyo. Laza boksi kifudifudi juu ya blanketi. Fungua nati kwa spana, si kwa koleo. Spika itakuwa imeganda kwenye ubao. Izunguke pole pole kwa kipande chembamba cha mbao hadi iachie. Bisibisi ya chuma iwe mbali nawe kabisa wakati huu, kwani sumaku huivuta ghafla mkononi na ncha yake huishia kwenye koni. Koni nyingi za kale zimekufa kwa namna hiyo, zikiwa mikononi mwa watu waliokuja kuzitengeneza.

Weka mpya huku ncha za waya zikielekea upande nyaya zinapotokea. Kaza nati kwa kuvuka, hii kisha inayotazamana nayo, kila moja kidogo kidogo, ukiishia kwenye ukazo wa vidole na robo mzunguko. Ukikaza mno, fremu ya bati hujipinda na koili huanza kugusa. Ukilehemu, pasi ya kulehemu isikae kwenye ncha zaidi ya sekunde chache.

Kabla ya kuwasha, pima kwenye plagi ya waya wa spika. Bassman yenye nne za omu 8 itasoma 1.5 hadi 1.7 hivi, boksi la omu 4 litasoma 3 na kitu. Ukisoma sufuri au hakuna kitu, rudi kwenye picha. Kisha gusisha betri kwenye plagi hiyohiyo: koni zote ziruke mbele kwa pamoja. Moja ikirudi nyuma, igeuze nyaya.

Washa, piga taratibu kwa robo saa, sikiliza na unuse. Spika mpya huwa kavu na yenye ukali juu. Inahitaji saa kadhaa za kupigwa kwa nguvu ya wastani ndipo karatasi na kitambaa vilegee. Usiihukumu siku ya kwanza.

Spika uliyoitoa usiitupe hata kama imeungua. Ikatie ubao wa kufunika uso, ifunge kwa karatasi kavu na kuiweka kwenye boksi mahali pasipo unyevu, panya wala mchwa. Andika jina lake, omu, namba ya fremu, imetoka kwenye amplifaya gani yenye namba gani, na kosa ulilolikuta. Karatasi hiyo ibandike nje ya boksi, na nakala yake uitie ndani ya amplifaya, chini ya mbao za nyuma.